Redio imelia kupita kiasi? Kagua spika na amplifaya kabla hujaiwasha tena

Simu imeungwa na sabufa kwa Bluetooth, watu wamelala, na programu ya adhana ndani ya simu imewekwa sauti ya mwisho. Alfajiri nyumba nzima inaruka. Au mtoto kakuta volumu iko usawa wa mkono wake, kaizungusha mpaka ukomo. Au umeme umekatika katikati ya shughuli, mtu akachezea volumu huku redio imezima, kisha umeme ukarudi na kishindo chake.

Yanayofuata ni yale yale kila mara. Mwenye redio anaiwasha na kupandisha sauti "aone kama imeungua". Spika nyingi ninazozifungua hazikufa siku ya ajali. Zimekufa siku ya pili, zikijaribiwa.

Mazungumzo huwa hivi:

"Fundi, redio imekufa."

"Baada ya ule mlio uliiwasha tena?"

"Mara tatu tu."

Mwongozo huu ni wa vyombo vya nyumbani: amplifaya na spika mbili, redio kubwa yenye spika zake, au sabufa na vispika vyake. Muziki wa ukumbini una mambo mengine. Kazi yote ni ya saa mbili hivi, na saa moja katika hizo ni ya kungoja tu.

## Vitu utakavyohitaji

- Mita ya kupimia umeme, ile ya namba. Ya rahisi kabisa inatosha, madhali ina kipimo cha omu 200 (omu ni kipimo cha ukinzani, yaani waya unavyozuia umeme) na cha volti za DC, umeme wa kwenda upande mmoja tu kama wa betri.
- Betri moja ya volti 1.5, ya rimoti au ya saa ya ukutani, na vipande viwili vya waya mwembamba.
- Bisibisi ya nyota.
- Tochi. Ya simu inafaa.
- Karatasi ngumu ya kukunja bomba. Kalenda ya mwaka jana ndiyo nzuri zaidi.
- Mswaki mkuukuu na kitambaa kikavu.
- Daftari na kalamu. Usidharau hili, bila namba zilizoandikwa utapima kitu kimoja mara nne.

Gundi kali ya matone iweke mbali. Utatamani kuitumia, na nitaeleza mbele kwa nini usiitumie.

## Hatua ya 1: Zima, chomoa, ngoja saa moja

Zima redio, chomoa plagi ukutani, kisha rudisha volumu sifuri. Usigusie spika kwanza.

Sababu ya kungoja ni joto. Ndani ya spika mna koili ya waya wa shaba mwembamba, imegandishwa kwa gundi, inaelea kwenye mwanya finyu wa sumaku. Ikipata moto, gundi hulainika. Ukiibonyeza karatasi ya spika wakati huo unaweza kuisogeza koili kutoka mahali pake, ikapoa ikiwa imepinda, na hapo ni wewe uliyeiharibu.

Joto pia linaidanganya mita. Ukinzani wa shaba hupanda kiasi cha asilimia 0.4 kwa kila digrii moja. Koili iliyopanda digrii 100 itasoma juu kwa karibu asilimia 40, nawe utasema imeungua kumbe imechemka tu.

Wakati unangoja, andika yaliyotokea: mlio ulidumu muda gani, ulikuwa muziki au sauti ya mtu, ulipasuka au ulikuwa safi ila mkubwa, ni upande gani, na kama palitoka harufu. Sekunde tano za sauti ya mtu mara nyingi hazifanyi kitu. Dakika tano za besi iliyopasuka ni habari nyingine.

Na usijitetee kwa kusema volumu ilikuwa nusu tu. Simu ikiwa imejaa sauti na wimbo wenyewe umerekodiwa kwa nguvu, amplifaya nyingi hufika ukomo wa uwezo wao volumu ikiwa katikati. Alama zile za kuzunguka hazipimi wati.

Jambo moja lisilohusu redio: aliyekuwa karibu na spika na masikio yake bado yanavuma kesho yake, au sikio moja halisikii, aende hospitali siku hiyo hiyo. Watoto waulize mara mbili.

## Hatua ya 2: Pua na macho

Nusa kwanza. Sogeza pua kwenye tundu la boksi la spika, lile la kutolea pumzi ya besi. Kisha nusa matundu ya hewa juu ya amplifaya.

Koili iliyoungua ina harufu ya vanishi, kali, yenye utamu wa mbali kama sukari iliyoshika chini ya sufuria. Ikikaa ndani ya boksi hudumu siku kadhaa. Amplifaya iliyoungua hunuka tofauti: plastiki na samaki, hasa kapasita, kile kikopo cha ndani kinachohifadhi umeme, ikiwa imepasuka.

Sasa toa wavu wa mbele, umulike. Angalia karatasi kama imechanika au ina mkunjo mpya. Angalia ukingo wa mpira au sifongo unaoishika karatasi na fremu. Sifongo kwa hewa yetu ya chumvi na unyevu huoza wenyewe, ukiugusa unabaki vidoleni kama makombo ya mkate. Huo haukuharibika leo, ila mlio wa leo ndio ulioumalizia.

Angalia na kile kikofia cha katikati. Kikiwa kimeingia ndani kwa kidole cha mtoto, sauti hubadilika kidogo tu na spika bado ni nzima. Kikiwa kimeachia gundi upande mmoja, kitakoroma.

Umefaulu ikiwa: hakuna harufu, hakuna mpasuko, na spika mbili zinafanana. Kufanana ndiko muhimu. Katika ukaguzi huu wote, spika ya kulia ndiye shahidi wa spika ya kushoto.

## Hatua ya 3: Amplifaya ndiyo ya kwanza kupimwa

Wengi huanza na spika. Mimi pia nilikuwa hivyo, mpaka nikapata hasara. Nilikuwa bado najifunza kazi, ikaletwa amplifaya ambayo upande wa kulia haulii. Nikachukua spika yangu nzuri ya mezani nikaichomeka ili nisikie. Karatasi ikaruka mbele kwa kishindo kimoja, ikabaki imetoka pale pale, na kabla sijahesabu kumi moshi mwembamba ukatoka nyuma ya sumaku. Transista ya kutolea sauti ilikuwa imeungua na kushikana, inapitisha umeme wa DC moja kwa moja. Spika inataka umeme unaokwenda na kurudi. Ukiipa wa kwenda tu, inageuka pasi.

Kwa hiyo chomoa spika zote nyuma ya amplifaya na uziweke kando.

Fyuzi. Itafute nyuma, ndani ya kifuniko cha kuzungusha. Iangalie kwenye mwanga. Ikiwa gilasi imeingia weusi au inang'aa kama kioo kwa ndani, kuna kitu kimeshikana na umeme umepita kwa fujo. Usiweke nyingine, mpelekee fundi. Ikiwa waya wake umekatika tu na gilasi ni safi, weka fyuzi ya namba ile ile iliyoandikwa kwenye kichwa chake, mara moja tu. Ikikatika tena, acha.

Usizungushe ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara juu ya fyuzi iliyokatika. Naikuta karibu kila mwezi. Fyuzi ikishafungwa mdomo, kinachofuata kuungua ni transfoma, na baada ya transfoma ni kabati iliyokaa juu yake.

Volti za DC. Hiki ndicho kipimo kinachookoa spika, na watu ndicho wanachokiruka.

1. Spika zimechomolewa, volumu sifuri, hakuna wimbo unaocheza. Vaa viatu au makubadhi, mikono iwe mikavu, usisimame kwenye sakafu mbichi.
2. Weka mita kwenye DC, kipimo cha volti 20.
3. Washa amplifaya na usikilize. Nyingi hungoja sekunde chache kisha ndani pakalia "tak". Hiyo ni rilei, swichi ya ndani inayojifunga yenyewe, ikiruhusu spika.
4. Gusa ncha nyekundu ya mita kwenye tundu jekundu la spika, na nyeusi kwenye jeusi, upande mmoja kwanza. Angalia ncha moja isiguse matundu mawili kwa pamoja, utazishikanisha nyaya na kuiunguza amplifaya iliyokuwa nzima.
5. Mita ikisoma karibu na sifuri, teremsha kipimo hadi milivolti 2000 upate namba kamili. Andika. Rudia upande wa pili.

Chini ya milivolti 50 ni vizuri. Kati ya 50 na 100 amplifaya kuukuu inaweza kuishi nayo. Ikizidi hapo inataka fundi, na ikifika volti moja na kuendelea, zima, na usiiunge spika yoyote, hata ile mbovu.

Kuna mtego hapa. Kama ile "tak" haikulia, au taa ya mbele inamweka bila kutulia, mita itasoma sifuri nawe utafurahi. Sifuri hiyo ni ya rilei iliyokataa kufunga kwa sababu imeona hatari ndani. Amplifaya hiyo haikufaulu.

Mtego wa pili: usipime kutoka tundu la spika kwenda kwenye bati la amplifaya. Baadhi ya amplifaya ndogo huweka nusu ya volti zake kwenye matundu yote mawili kwa makusudi, na ukipima hivyo utatishika bure. Pima baina ya jekundu na jeusi la upande ule ule.

Usifungue amplifaya. Kapasita kubwa za ndani hushika umeme hata plagi ikiwa mkononi mwako. Kwenye vyombo vya kisasa visivyo na transfoma nzito, umeme wa ukutani wa volti 230 ukishageuzwa kuwa DC unafika kama volti 325, na unakaa humo unakungoja.

## Hatua ya 4: Spika kwa mkono

Weka boksi chali, spika itazame dari. Tandaza vidole vyote vya mikono miwili kuzunguka kikofia cha katikati, uibonyeze karatasi ya spika kubwa chini polepole, milimita mbili tatu tu, kisha uiachie ipande. Bonyeza sawasawa pande zote. Ukielemea upande mmoja utaisugua koili wewe mwenyewe kisha useme spika mbovu.

Funga macho usikilize kwa vidole. Spika nzima inashuka kimya kama godoro jipya. Iliyoungua inakwaruza, kitu kama mchanga chini ya mlango. Koili imevimba au imeachia waya wake, na unagusa sumaku. Hata kama bado inalia, hiyo imeshaingia kwenye orodha ya kutengenezwa.

Isiposogea kabisa, koili imeyeyuka ikagandia. Ikishuka ovyo bila kurudi kwa nguvu, kile kitambaa cha mikunjo nyuma ya karatasi kimeachia.

Twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, usiibonyeze. Kile kikuba chake chembamba kikiingia ndani hakirudi kama kilivyokuwa, na hakuna utakachokijua kwa kukibonyeza.

## Hatua ya 5: Spika kwa mita

Weka mita kwenye omu 200. Gusanisha ncha zake mbili uone inasoma nini. Za rahisi husoma 0.2 hadi 0.5. Andika namba hiyo, utaitoa kila mara.

Pima kwenye nyaya za boksi, spika ikiwa haijaungwa popote.

Watu wengi hukwama hapa: nyuma imeandikwa omu 8, mita inasema 6.3, basi spika mbovu. Hapana. Ile 8 ni ukinzani wa spika ikiwa inalia, mita yako inapima waya peke yake. Namba za kutarajia ni hizi:

- Iliyoandikwa 8: kati ya 5.5 na 7.5.
- Iliyoandikwa 6: kati ya 4.2 na 5.5.
- Iliyoandikwa 4: kati ya 3 na 3.8.

Mita ikionyesha 1 iliyosimama peke yake kushoto, au herufi OL, njia imekatika: koili imeungua, au waya umeachia mahali. Ikisoma karibu na sifuri, koili imeshikana, na spika hiyo ukiiunga itaiua amplifaya. Ikisoma chini ya kawaida, mfano 4 kwa spika ya 8, sehemu ya koili imeshikana. Ni mbovu vile vile ingawa inalia.

Kulia na kushoto zikitofautiana zaidi ya nusu omu, rudia kupima baada ya kusugua vituo vya nyaya kwa mswaki. Nyumba zetu za karibu na bahari, shaba huota kutu ya kijani, na kutu hiyo imeshapeleka spika nzima kwa fundi mara nyingi kuliko moto.

Sasa betri. Unga waya mmoja kwenye hasi ya spika na ya betri, kisha gusisha chanya kwa chanya, sekunde moja, achia. Utasikia "puk" na karatasi itatoka mbele kidogo. Ikikwaruza wakati wa kutoka, unarudi kwenye jibu la hatua ya 4. Usiishikilie betri hapo.

## Hatua ya 6: Twita, anayekufa kimya

Twita ndiyo inayoungua zaidi na ndiyo inayogunduliwa mwisho, kwa sababu muziki unaendelea. Unakuwa mzito tu, kama mtu anayeimba amejifunika shuka.

Inafaa kujua kwa nini. Muziki mwingi una nguvu yake kwenye besi. Sauti nyembamba zinabeba sehemu ndogo. Kwa hiyo twita hutengenezwa kwa waya mwembamba sana, wa kuhimili wati chache tu kwa mfululizo, hata kama boksi limeandikwa 100. Amplifaya ikisukumwa kupita uwezo wake, wimbi la sauti hukatwa kichwa, linakuwa bapa juu na chini. Wimbi bapa lina nguvu hadi mara mbili ya lile la mviringo la kimo hicho hicho, na zile kona zake kali ni sauti nyembamba ambazo hazikuwamo kwenye wimbo. Zote zinakwenda kwa twita. Ndiyo maana amplifaya ndogo iliyolizwa kwa nguvu huunguza spika kubwa, na mwenyewe anaapa kuwa wati zilikuwa chache.

Kuipima kuna ugumu wake. Ukipima nyuma ya boksi, mita haiioni twita hata kidogo, maana kabla yake kuna kapasita inayozuia DC. Ile namba uliyopata hatua ya 5 ilikuwa ya spika kubwa peke yake. Hapa ndipo wengi huandika "nimepima, nzima" na twita imekufa.

Fungua skrubu za twita, ivute taratibu, uchomoe waya mmoja kutoka kwenye kituo chake, kisha pima kwenye vituo vya twita yenyewe. Twita ya 8 itasoma 5 hadi 7. Ya 4, kama 3. Ikiwa OL, imeungua.

Isipokuwa twita za piezo, zile nyepesi za plastiki zenye mdomo wa tarumbeta zinazopenda kukaa kwenye maboksi makubwa. Hazina koili. Zinasoma OL zikiwa nzima, kwa hiyo zipime kwa sikio tu.

Kama twita imesoma vizuri lakini hailii, kagua kapasita na zile risista, vipande vidogo vya kupunguza umeme, kwenye kibao cha kugawia sauti ndani ya boksi. Risista iliyobadilika rangi kuwa kahawia au iliyopasuka inaonekana kwa macho.

## Hatua ya 7: Sasa iwashe, kwa adabu

Umefika hapa kwa sababu volti za DC ziko sawa na spika zimesoma omu zake. Kama kimoja kimekataa, usiingie hatua hii.

Unga spika moja tu. Volumu sifuri, besi na trebo katikati, simu nusu. Washa, ngoja "tak", kisha pandisha mpaka sauti isikike kama mtu anayezungumza barazani. Basi. Hakuna kipimo katika mwongozo huu kinachotaka sauti zaidi ya hiyo.

Anza na taarifa ya habari. Sauti ya mtu mmoja bila ala inafichua ukwaruzo wa katikati kuliko muziki wowote, kwa sababu sikio linajua mtu anavyozungumza. Kisha weka taarab yenye okestra kamili: fidla na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, kwa twita, akodiani na mwimbaji kwa katikati, besi kwa chini. Chagua rekodi unayoijua vizuri, tena ya karibuni. Rekodi za Siti binti Saad za Bombay, mwaka 1928, ni hazina, lakini mkwaruzo wake ni wa santuri na utakutafutisha ugonjwa usiokuwepo.

Twita isikilize kwa bomba la kalenda: mwisho mmoja mbele ya twita, wa pili sikioni. Usibandike sikio kwenye spika yenyewe. Ajali ya pili ikitokea, itatokea hapo. Katika bomba, kanuni lazima isikike imeng'aa, kila waya peke yake. Kisha zima, unga spika ya pili, ulinganishe kushoto na kulia.

Programu za simu zinazopiga mlio mmoja mrefu kutoka chini hadi juu zinafaa kutafutia mtetemo, ila kwa sauti ya chini sana. Mlio mmoja mwembamba ukishikiliwa juu unaunguza twita kwa muda mfupi, bila kupasuka, bila dalili.

Unachosikia na maana yake:

- Inakwaruza kila besi ikipiga: koili inagusa, au ukingo umeachia.
- Inatetema kwenye noti moja tu: skrubu, wavu, au kikofia. Gusa kimoja kimoja kwa kidole mpaka ikome. Kabla hujalaumu spika, angalia kabati ya vyombo. Nimewahi kupoteza mchana mzima nyumbani kwa bibi mmoja Kikwajuni, Unguja, nikitafuta mtetemo, kumbe ni kifuniko cha buli.
- Inachakarika ukizungusha volumu tu: vumbi ndani ya volumu. Si matokeo ya ajali.
- Inanguruma muda wote, hata volumu sifuri: waya wa kuingiza sauti, au kapasita za amplifaya.
- Inalia, inakatika, inarudi: ule waya laini unaokwenda kwenye karatasi umekatikia ndani, au lehemu imepasuka.

## Hatua ya 8: Badilisha kulia na kushoto

Ukisikia kasoro, zima, chomoa, kisha unga spika ya kulia kwenye tundu la kushoto, na ya kushoto kwenye la kulia. Washa tena kwa sauti ile ile.

Kasoro ikihama pamoja na spika, spika ndiyo mbovu. Ikibaki upande ule ule, amplifaya au waya wa kuingiza sauti. Badilisha na waya huo pia kabla hujahukumu.

Ni dakika tano, na ingewaokoa wengi ambao wamenunua spika mpya sokoni Darajani, wakafika nazo nyumbani, zikalia vile vile.

## Kama yako ni sabufa

Zile za boksi moja kubwa na vispika viwili zina amplifaya ndani ya boksi la besi. Vispika unavipima kwenye plagi yake: ncha moja ya mita kwenye msumari wa katikati, nyingine kwenye pete ya nje. Matundu ya vispika nyuma ya sabufa unayapima DC vivyo hivyo.

Spika ya besi ndiyo shida, maana imeungwa kwa ndani. Chomoa plagi ukutani, ngoja nusu saa, fungua skrubu nne za spika kwa mbele, ivute na uchomoe vituo vyake viwili. Pima spika, na mkono usiingie zaidi ya hapo. Ule ubao wa ndani mwachie fundi.

## Cha kutengeneza na cha kuacha

Twita ni rahisi kubadilisha. Nunua yenye omu zile zile na mdomo wa ukubwa ule ule, na kama imewezekana badilisha zote mbili. Moja mpya na moja kuukuu hazilingani.

Spika kubwa yenye sumaku nzito inastahili kusukwa koili upya na kuwekwa karatasi mpya. Ya sabufa ndogo aghalabu haistahili, ununue nzima. Mpasuko mdogo wa karatasi unauziba mwenyewe kwa kipande cha karatasi laini na gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji kidogo. Gundi ya matone hukauka ngumu kama kioo, karatasi inashindwa kucheza, na inachanika pembeni yake.

Ukimpelekea fundi amplifaya, mpe daftari lako la namba. Mwangalie anavyoiwasha mara ya kwanza: anayejua kazi ataipitishia umeme kwenye globu ya waya iliyofungwa kwa mfululizo, yaani umeme upite kwenye globu kwanza ndipo ufike kwenye amplifaya. Globu ikiwaka kwa nguvu, kuna kitu kimeshikana, na hakijaunguza kingine. Anayechomeka moja kwa moja ukutani ili "asikie", mwambie umesahau kitu nyumbani, uondoke nayo.

## Kabla ya usiku wa leo

Tafuta volumu ambayo sauti inatosha chumba na bado ni safi. Tia nukta ya rangi ya kucha hapo kwenye bati. Watoto huielewa nukta kuliko maneno.

Simu iliyoungwa na sabufa iondoe kwenye Bluetooth kabla ya kulala. Umeme ukikatika, rudisha volumu sifuri na uchomoe plagi hapo hapo, usingoje urudi. Wakati wa kuwasha, amplifaya iwe ya mwisho. Wakati wa kuzima, iwe ya kwanza. Na waya wa sauti usichomolewe redio ikiwa inalia, kile kishindo chake ni ajali ndogo peke yake.

Baada ya wiki moja, rudia hatua ya 4 na ya 5 ukiwa na daftari. Gundi iliyolainika siku ya ajali mara nyingine huachia polepole, na ukwaruzo unaanza siku ya sita au ya saba. Namba zikiwa zile zile na vidole havisikii mchanga, rudisha wavu na ukaze skrubu.